Muziki Usio na Maiti

Mume wangu, Ishmael Mithika, ana masikio ya hali ya juu. Mimi, Kiende, nina yale ya kawaida, ya kusikia maziwa yakifurika na mteja akidanganya. Kwa hiyo haya ninayowaeleza yachukueni kama ushuhuda wa mtu asiyejua muziki, aliyelazimika kuishi nao ukuta kwa ukuta hapa Kinoru, mtaa wa mji wa Meru, mwaka ule tulipopiga kura mara mbili, kwa kuwa mara moja haikututosha.

Nianze na kazi yake, maana bila kazi yake hamtaelewa ujinga wake. Ishmael alizaliwa Mitunguu, kwenye joto na migomba, mtoto wa watu wa kanisa waliotarajia awe fundi wa mifereji ya maji au, Mungu akipenda sana, karani. Mungu alipenda kiasi. Redio za lugha za nyumbani zilipoanza kufunguliwa alipata kazi katika kituo kimoja mjini Meru, ambacho mawimbi yake yalifika mpaka Embu. Hakupewa kutangaza. Sauti yake, walisema, inafaa kuagiza chai. Alipewa matangazo ya vifo: achague muziki wa kuchezwa chini ya sauti ya msomaji.

Kwa msiotoka huku, niwaeleze. Saa ya matangazo ya vifo ikifika, kwanza huja muziki wa polepole, wa fidla au kinanda, usio na maneno. Ukiusikia, mama anaacha mwiko, baba anaacha jembe, sauti ya redio inapandishwa, na kila mtu anainamisha kichwa kungoja jina. Muziki ukipungua, msomaji anaingia: ni kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha fulani wa kijiji fulani, mume wa fulani, baba ya fulani na fulani, mkwe wa fulani, habari ziwafikie fulani aliye Mombasa na fulani aliye Amerika, mazishi yatafanyika siku fulani nyumbani kwake. Mtu mzima wa Meru au Embu amesikia fidla maisha yake yote, na kila fidla ilikuja na maiti wake.

Sasa Ishmael wangu, badala ya kuchukua santuri moja akaichezea kila marehemu kama wenzake walivyofanya, aliifanya kazi ile kwa moyo. Mzee mwenye wake wawili na wajukuu hadi ng'ambo alipewa kipande kirefu, kwa sababu orodha ya jamaa ni ndefu, na muziki ukikatika kabla ya wakwe kutajwa kuna kesi. Kijana alipewa piano peke yake. Mwalimu mkuu alipewa tarumbeta, lakini za mbali. Mama wa kanisa alipewa fidla ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, na Ishmael alijua mahali hasa ambapo fidla hiyo huvuta pumzi ili jina liingie. Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta anabishana na msomaji kama marehemu mmoja wa Igoji anafaa saksafoni. Msomaji alikataa. Marehemu hakuulizwa.

Kituo kilipohamia kwenye kompyuta, santuri zote ziliamriwa zitupwe, na Ishmael akaambiwa apumzike. Nilidhani atakuja nyumbani na blanketi na saa ya ukutani, kama wastaafu wengine. Alikuja na pikapu imejaa santuri, na pikapu nyingine nyuma yake imebeba mashine ya kuzichezea, amplifaya ya zamani yenye taa zinazowaka kama makaa, na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la tano.

"Mama Kendi," akaniambia. Kendi ni binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa Nairobi na kuyaepuka haya yote. "Hawa watu wamenisikiliza miaka yote hii na hawajawahi kusikia."

"Hawajasikia nini?"

"Muziki. Wanasikia jina tu. Jina likipita, wanazima. Nataka wausikie bila maiti. Hata mara moja tu, kabla sijakufa."

Basi hicho ndicho alichokitaka duniani. Kuna wanaume wanaostaafu wakataka ng'ombe wa gredi. Kuna wanaotaka mke wa pili, na huyo angalau ungemtuma dukani. Mimi nilipata mtu anayetaka Kinoru nzima ikae kimya isikilize Mjerumani aliyekufa kabla ya reli kufika Nairobi.

Nina agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo. Nyuma yake kuna chumba kikubwa cha mawe, na hiyo ndiyo iliyokuwa stoo yangu ya magunia ya pumba. Kendi alipojifungua nilienda kumsaidia, na niliporudi nikakuta magunia yangu yako barazani chini ya turubai, na stoo imekuwa Ukumbi wa Kusikiliza. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei tupu za mayai. Kwenye pembe kulikuwa na magunia yaliyoshindiliwa majani makavu ya migomba kutoka kwao Mitunguu, eti yanameza mwangwi. Viti vilikuwa vya plastiki, vile vya kukodisha harusini, na kimoja cha katikati kilichorewa duara la chaki sakafuni, maana hapo ndipo sauti za spika mbili hukutana. Akanikalisha hapo.

"Funga macho. Unasikia piano iko wapi?"

Nikamwambia iko pale pumba yangu ilipokuwa.

Tulizozana kwa adabu, kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa na ukuta ni mwembamba upande wa Mzee Mwongera, jirani ambaye husikia kila jambo lisilomhusu. Mwishowe tukapatana. Mvua ya Oktoba ikianza, magunia hayawezi kukaa barazani. Pumba ikilowa inaota ukungu na ng'ombe wa watu wanaharisha. Kabla ya mvua hiyo na kabla ya lori la mzigo mpya, Ishmael atafute mtu mmoja, mmoja tu, atakayekaa chumbani mle asikilize upande mmoja wa santuri mpaka mwisho, bila kulala na bila kuuliza nani amekufa. Akimpata, chumba ni chake. Asipompata, stoo ni yangu, na spika zile nitafugia vifaranga. Mwamuzi ni mimi. Ishmael alikubali akicheka. Maskini, aliwajua wafu wa Meru, walio hai alikuwa bado hajawajua.

Siku ya ufunguzi walikuja wengi, kwani mtu wetu haachi kwenda alikoalikwa ikiwa huenda kuna chai. Kila aliyeingia alisalimia wote kwa mkono, safu kwa safu, na aliyefuata akafanya vivyo hivyo, mpaka nikadhani tumeitana kusalimiana. Yakaja maombi. Maombi yaliibariki mitambo, yakaibariki stima isipotee, yakawafikia viongozi wetu na kukaa nao kwa muda. Kisha Ishmael, ndani ya koti lake la harusi za watu, akaipangusa santuri kwa kitambaa ambacho mimi siruhusiwi kupangusia hata miwani, akashusha sindano.

Fidla zikaanza, na vichwa vyote vikainama. Kofia zikavuliwa. Hakuna aliyekohoa. Ishmael alisimama kando ya amplifaya yake machozi yakimlengalenga, na kila muziki ulipopungua kidogo watu wakainua shingo na kutega masikio, naye akanitazama kama anayesema, unaona, hata sehemu za chini wanazifuata. Nikaanza kuililia stoo yangu moyoni.

Kisha muziki ukapungua kabisa, kama unavyofanya kabla ya kurudi kwa nguvu, na Mzee Mwongera akashindwa kuvumilia.

"Ishmael," akasema kwa upole, "tuambie tu. Ni nani?"

"Ni nani nini, mzee?"

"Ametuacha. Wewe sema, tutajikaza."

Ishmael akaeleza kwamba hakuna aliyekufa. Watu wakatazamana kwa huruma, vile wanavyomtazama mtu ambaye habari bado hazijamwingia. Mama mmoja akanishika mkono akaninong'oneza, "Usimsukume. Atasema akiwa tayari."

Kesho yake baada ya ibada walirudi na sukari, majani ya chai na shali begani. Siku iliyofuata kulikuwa na kamati ya mazishi. Mbaka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu ana pikapu. Wakapatikana mweka hazina, katibu, na mama wa kusimamia mapishi. Aliyekosekana alikuwa maiti tu. Nilimwuliza Mbaka watafanyaje.

"Mama Kendi," akanijibu, "kamati haiwezi kungoja maiti. Maiti ikuje na hakuna kamati, hiyo sasa ndio shida."

Walipoivunja waliivunja shingo upande, wakaazimia uongozi ubaki vilevile.

Ishmael hakukata tamaa. Alisema kosa ni lake, ameanza na fidla, na fidla katika nchi hii zimeharibiwa jina. Akajifungia na santuri zake, akizipanga na kuzipangua, akicheza hiki kidogo na kile kidogo, na hapa niseme ukweli ingawa unaniuma: kazi hiyo anaijua. Alisema sikio huchoka kama mgongo, kwa hiyo huwezi kulitoa kwenye saksafoni ukalitupa kwenye okestra bila kulipumzisha na piano. Mvua ikigonga mabati usicheze kitu chenye minong'ono. Siku uwanja wa Kinoru una mkutano wa injili usicheze fidla kubwa, kwa sababu besi ya mhubiri hupenya ukuta ikaja kuokoa watu katikati ya wimbo. Akatundika bango mlangoni: Jumanne klasiki, Alhamisi jazi, Jumamosi muziki wa hewa. Huo wa hewa ndio usio na mdundo, wala mwanzo, wala mwisho. Sauti inatanda tu kama ukungu wa asubuhi na kuondoka ikijisikia.

"Alhamisi ndiyo itakuwa dawa," aliniambia. "Saksafoni walinikatalia kule redioni. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kutangazwa na jazi."

Alhamisi hiyo alikuja Koome, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Embu, aliyekuwa kwao kwa likizo, na skafu shingoni kwenye jua. Alikaa kwenye kiti cha chaki akatikisa kichwa kwa ujuzi mkubwa. Nikajiambia, basi, ni huyu. Saksafoni ikazunguka, ngoma ikaisindikiza, na Koome akatoa simu akaiweka mapajani akawa anaitazama.

"Mathe," akaniambia kabla upande haujaisha, "hii si ni ile ngoma ya kastama kea? Huwa wananiwekea nikiwapigia simu mpaka kredo inaisha. Sasa wanashikanga saa ngapi?"

Ishmael alinikumbusha kwamba kijana hakuuliza nani amekufa. Nikamkumbusha kwamba kijana ametoka nje kutafuta mtandao na sindano bado iko katikati.

Muziki wa hewa nao ulimpata Ndambiri, fundi wa stima, mtu wa kusaidia hata asipoombwa. Sauti ilipotanda na kukaa hapo, kama kawaida yake, Ndambiri alivumilia kidogo, akainuka, akaenda nyuma ya amplifaya. "Imekwama," akasema. "Hata yangu ilianza hivi." Ishmael akamweleza kwamba huo ndio muziki wenyewe. Ndambiri akaichomoa kwenye stima isije ikaungua, akapangusa mikono, akasema hahitaji kulipwa.

Mzee Mwongera ndiye aliyekaribia kabisa. Yeye alikuwa mteja wa kudumu, kwa kuwa kwake hakuna kiti kizuri. Kuna Jumanne alikaa wima upande mzima, mikono juu ya fimbo, macho nusu wazi, na sindano ikafika mwisho bila neno. Ishmael alikwisha kunyoosha mkono nimpongeze. Nikaangusha sufuria, na mzee akaruka akauliza kama gari limefika Nkubu. Mpaka leo anadai alikuwa akiomba.

Oktoba ikaingia. Mawingu yakaanza kukaa juu ya Kinoru kila alasiri, yakitufanyia mazoezi. Mwenye lori akapiga simu kwamba mzigo utafika Jumatatu. Ishmael aliacha kunisimulia habari za sikio na mgongo, akala, akaenda stoo, yaani ukumbini, akakaa peke yake. Siku moja nilimchungulia kwa upenyo wa mlango. Alikuwa kwenye kiti cha chaki amefumba macho, fidla kubwa ikilia, na kila ilipovuta pumzi niliona midomo yake ikichezacheza. Nilimwangalia mpaka nikaelewa. Alikuwa akiacha nafasi ya jina. Mtu mwenyewe, mwenye spika na trei za mayai, hakuweza kuusikia bila maiti.

Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga, na nikarudi dukani nikiwa na hasira naye kwa kunifanya nimwonee huruma. Lakini pumba ni pumba.

Jumamosi, ya mwisho kabla ya lori, ukumbi ulikuwa na watu wachache: Mzee Mwongera, Mbaka, Ndambiri ambaye alikuwa ameombwa asikaribie amplifaya, na kina mama wawili waliokuwa wanangoja niwapimie dawa ya kupe. Mimi nilikuwa mlangoni na kitambaa changu cha kufuma, kiti cha mwamuzi. Akaingia mama mmoja mzee aliyevaa viatu vya kanisani, na mfuko wa maembe mkononi. Akatusalimia wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kisha akamgeukia Ishmael.

"Mimi ni Cicily, natoka Embu. Huyu kijana Koome nimempangisha nyumba. Ameniambia nyinyi mko na ile muziki ya watu wamekufa, na mnaicheza yote mpaka iishe."

Ishmael akamwonyesha kiti cha chaki. "Karibu, mama. Hapa hatutangazi. Ni muziki tu."

"Ni sawa. Nitakaa."

Ilikuwa siku ya muziki wa hewa, bango lilisema hivyo. Ishmael alimtazama yule mama alivyokaa, magoti pamoja, mfuko miguuni, akairudisha santuri aliyokuwa ameshika. Akatafuta nyingine, ya fidla kubwa, akaipangusa muda mrefu kuliko kawaida.

Mama Cicily alisikiliza macho wazi, akiitazama spika ya kushoto kama mtu anayezungumza naye. Muziki ulipopungua mara ya kwanza aliinama mbele kidogo, kisha akaegemea tena. Ulipopungua mara ya pili akafanya vivyo hivyo. Mzee Mwongera alifungua kinywa, nikamkazia macho, akakifunga. Mawingu yakanguruma upande wa mlima na Mama Cicily hakugeuka. Sindano ikafika mwisho wa santuri ikaanza kugonga gonga, na mama yule bado alikuwa wima, macho makavu, hajauliza kitu.

Ishmael akanitazama. Niliweka kitambaa changu chini nikaitikia kwa kichwa. Iliniuma kama jino, lakini haki ni haki.

Akamwendea yule mama huku uso wote umefunguka. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Umeonaje?"

"Ni mzuri. Nilikuwa nangoja jina lakini haikusomwa. Si neno. Hata ile wakati haikusomwa."

"Jina la nani?" Ishmael akauliza. "Nani amekufa?"

Ndiyo, ni yeye mwenyewe aliyeuliza. Katika watu wote waliopita chumba kile, niliyemsikia mwisho akiuliza swali hilo ni mume wangu.

Mama Cicily akatueleza bila kupandisha sauti. Mume wake aliitwa Njura. Alikuwa kibarua wa barabara huko kaskazini, na mto mkavu waliokuwa wamepiga kambi kando yake ulishuka na maji ghafla ukambeba. Hakupatikana. Yeye mkewe alipanda mpaka Meru, kwenye kile kituo, kumtangaza. Kwenye dirisha la kupokelea matangazo wakamwuliza tarehe ya mazishi. Hakukuwa na mwili, kwa hiyo hakukuwa na mazishi, kwa hiyo hakukuwa na tarehe. Wakamwambia arudi akiwa nayo.

"Na kwetu mtu akikosa kutangazwa, ni kama hajakufa vizuri," akasema. "Watu waliniuliza Njura atarudi lini. Mpaka wa kanisa. Waliniuliza miaka mingi, na wengine walikuwa wanacheka, wakisema amepata bibi huko. Mimi nilikuwa nawasha redio ile saa kila siku. Majina ilikuwa ya wengine. Muziki nilikuwa nasema ni yangu."

Ishmael alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi, na nilijua anachokifikiria kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria: kumbe miaka yote hiyo alikuwa na msikilizaji mmoja, na siku mama huyo alipokataliwa, Ishmael alikuwa upande wa ndani wa dirisha, akichagua santuri.

Alikuwa ameshinda. Chumba kilikuwa chake. Alichopaswa kufanya ni kumshukuru mama wa watu, kumpa chai na kumsindikiza. Badala yake akavuta kiti akakaa karibu naye, akamwuliza majina ya watoto, baba mkwe anaitwa nani, kijiji ni kipi, ni nani walifanya kazi na Njura. Alimwuliza taratibu, kila jina mara mbili, kama walivyouliza siku zote dirishani. Kisha akairudisha sindano mwanzo.

Fidla ikalia, tukainamisha vichwa. Ilipofika pale inapovuta pumzi akateremsha sauti, na kwa sauti yake ile ya kuagiza chai akasoma.

"Ni kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Njura wa Kivuti, wa Kianjokoma, Embu, mume wa Cicily, baba ya Wawira na Runji, mkwe wa marehemu mzee Munyi. Habari ziwafikie wote waliofanya kazi naye barabarani. Habari ziwafikie wa kanisa lake. Habari ziwafikie wote waliokuwa wakiuliza atarudi lini."

Akakishika kitufe cha sauti.

"Mazishi," akasema, na hapo akakwama. Mahali hapo kwenye tangazo ndipo husemwa siku na boma, naye hakuwa na siku wala boma. Mkono wake ukabaki kwenye kitufe. Kisha akaizungusha sauti juu, yote, mpaka trei za mayai zikatetemeka ukutani, na fidla ile ikaingia mahali palipobaki wazi ikapajaza.

Mzee Mwongera alisimama. Ndambiri akasimama, na kina mama wa dawa ya kupe. Mama Cicily alilia vile mjane anapaswa kulia, kwa sauti, bila kujifunika, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nililia pia, na sina cha kusingizia. Polepole akatulia, akafumba macho, akasikiliza. Sindano ikafika mwisho, ikagonga gonga, na bado tukawa tumesimama. Hakuna aliyeuliza nani amekufa, maana tulikuwa tumeambiwa.

Jioni hiyo, tulipokwisha kumsindikiza Mama Cicily, na maembe yake yamebaki kwetu, Ishmael alianza kukunja waya za spika.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nimeshindwa, Mama Kendi. Nilitaka bila maiti. Na swali nimeliuliza mwenyewe."

"Mwamuzi ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Basi acha waya."

Lori lilifika Jumatatu na mvua ikiwa nyuma yake. Wanaume wa kushusha mzigo wakauliza pumba waweke wapi, nikawafungulia mlango wa sebule yangu.